Nilinyoosha Mkono Lemayian Aondoke

Jumapili, Julai. Karatu. Ukungu tangu alfajiri. Jua lilichungulia mara moja saa saba mchana, likaona tulivyo, likarudi zake.

Shajara yangu, leo nimevaa sweta mbili na bado meno yananigongana. Sijui ni baridi ya mwezi huu au ni mambo yangu mwenyewe. Duka nimelifunga saa kumi, jambo ambalo silifanyi ovyo. Nimekaa mezani na chai ya tangawizi, nataka niandike sasa hivi kabla sijaanza kujidanganya. Maana mimi najijua. Nikiacha siku mbili zipite nitajipamba mpaka nionekane malaika.

Lemayian ameondoka leo asubuhi.

Kwa wewe unayepita humu kwa mara ya kwanza: Lemayian alikuwa winga wetu wa kulia, Wana Vumbi wa Karatu, ligi ya mkoa. Mtoto wa Malambo, wa wafugaji, miaka ishirini na moja, miguu mirefu hata suruali za dukani hazimfikii. Mimi ni Zaituni, mji mzima unaniita Mama Zai. Nauza mashuka na vitenge karibu na soko, duka mbele, nyumba nyuma, na ni katibu wa timu mwaka wa tisa huu. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu wanaume wote wa kamati walishapoteza daftari la vikao, kila mmoja kwa zamu yake.

Lemayian alikuja mjini kusoma sekondari. Mwalimu wa timu akamwona anacheza na wenzake, akanifuata dukani kuniuliza kama chumba changu cha uani kiko wazi. Nikamwambia kiko, lakini kwa wiki mbili tu, nategemea wageni.

Amekaa miaka minne. Wageni wenyewe hawajaja mpaka leo.

Mwezi uliopita kamati ilikaa, tukambadilisha. Timu moja ya Arusha ilimtaka sana. Sisi tukasema hatutaki kingine, tunataka watu. Wao watupe kipa na beki wa kati, sisi tuwape Lemayian. Mwalimu anasema hiyo ndiyo kujenga timu upya, na akilisema hilo neno anakunja mikono kifuani kama injinia.

Mji ulichafuka, jamani. Nyuma ya kituo cha mafuta kuna mahali wanaosha magari ya utalii, na hapo ndipo bunge letu lilipo. Madereva wakitoka kreta, kule bonde la wanyama, gari limejaa vumbi mpaka ndani ya redio, wanakaa kwenye benchi wakisubiri lioshwe, na sisi tusio na gari tunakwenda kwa sababu ya maneno. Wiki zote hizi hapakuwa na hoja nyingine. Hata wageni wawili wa Kizungu waliokuwa wanasubiri gari lao walisimama kutazama, wakidhani tunagombania shamba.

Aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote ni Gwandu. Gwandu ni dereva wa watalii, Mmbulu wa hapa hapa, mtu wa miaka arobaini, mkubwa kama mlango, na ndiye kipa wetu. Ni kipa hodari, sikatai. Ila ni kipa hodari siku akiwepo. Wageni wakitaka kwenda Serengeti hawaulizi ratiba ya ligi, kwa hiyo kila msimu wa utalii ukipamba moto sisi tunabaki bila kipa. Kuna mechi tulimweka Lemayian golini. Winga, golini! Tulifungwa tano.

"Mnajenga, mnajenga!" Gwandu alikuwa anapaaza sauti, amemwelekea mwalimu. "Nyumba gani hii kila mwaka iko kwenye msingi? Mmemtoa mtu anayefunga mabao, nani atafunga sasa? Mwenyekiti?"

Mzee Hamisi wa duka la vipuri akamjibu kwa utulivu wake wa kuudhi kwamba Lemayian anafunga mawili na sisi tunafungwa manne, hesabu hiyo hata mjukuu wake wa chekechea anaiweza. Halafu akaongeza kwamba wengine wanamlilia winga lakini machozi ni ya namba yao golini. Watu walicheka mpaka mwosha magari akajimwagia maji. Gwandu akageukia gari lake. Niliuona uso wake, sikucheka tena.

Kisha wakageukia kamati. Tuko watano, na ilishavuja kwamba kura zilikuwa tatu kwa mbili. Wakaanza kutuhesabu kwa majina, huyu alikubali, yule alikataa. Walipofika kwangu hawakusita. Mama Zai lazima alikataa, walisema. Yule ni mwanawe.

Nikajifanya nahangaika na mtandio wangu. Nikasema siri ya kikao ni siri ya kikao.

Sasa naandika hapa nilichokificha mwezi mzima. Kura ya tatu ilikuwa yangu.

Wawili walikubali, wawili wakakataa, wote wakanitazama. Nikanyoosha mkono. Mkono huu huu ninaoandikia. Kisha nikauteremsha, nikachukua kalamu, nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri kwamba wajumbe walikubaliana.

Jioni ile ile Lemayian alikuja jikoni. Alikuwa ameshaambiwa na mwalimu. Akasimama mlangoni, akaniambia, "Mama, nimesikia kura zilikuwa tatu kwa mbili. Najua wewe ulikuwa kwenye wale wawili. Asante."

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Loo, Zaituni wee. Mtu anakushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya, nawe unamsogezea bakuli.

Nimekuwa na jibu tayari kwa siku zote hizi, nimelifanyia mazoezi kwenye kioo. Kwamba nilifanya kwa faida yake, Arusha ataonekana, kule kuna uwanja wa nyasi, goti lake halitaumia kama kwenye huu mwamba wetu mwekundu. Yote hayo ni kweli. Wala sikuyawaza hata moja wakati mkono unapanda. Nilichowaza ni ile siku ya bao tano, natembea kutoka uwanjani nimebeba kapu la jezi, na wanawake wa timu pinzani wananipigia vigelegele mgongoni njia nzima hadi barabara ya lami. Nilichoka kufungwa. Nilitaka kipa. Nilimtoa mtoto aliyelala nyumbani kwangu miaka minne kwa sababu nilitaka kipa, shajara, na hakuna namna nyingine ya kuliandika.

Basi, jana Jumamosi baba yake akaja.

Alikuja na lori la mnada kutoka Malambo, safari ya siku nzima, amejitanda shuka ambayo niliitambua maana imetoka dukani kwangu. Na kondoo. Jike jeupe, kichwa cheusi, amenona. Sikuwahi kumwona huyu baba kwa macho, tulikuwa tunasalimiana kwenye simu tu. Akanisalimu "Takwenya," nikaitikia "Iko," na hapo Kimaa changu cha kujivunia kikawa kimekaribia mwisho. Nimewauzia Wamasai mashuka zaidi ya miaka ishirini, nashika neno hapa na pale, rangi, viungo vya mwili, lakini mazungumzo siyawezi. Na Kiswahili chake kinafanana na Kimaa changu. Kwa hiyo Lemayian akakaa katikati yetu kututafsiria.

Tulikaa uani. Kondoo tulimfunga kwenye nguzo ya tangi la maji, naye hakupoteza muda, akaanza na mchicha wangu.

Baba Lemayian akanywa chai, akatazama huku na huku, akatazama mlango wa chumba cha uani, akauliza kitu. Lemayian akacheka.

"Anauliza wako wapi."

"Nani?"

"Wazazi wa wale wawili. Wa kipa na wa beki. Anasema amekuja kuwasalimu."

Ilichukua muda nielewe. Mzee alipigiwa simu akaambiwa mtoto wako amebadilishwa na vijana wawili. Yeye akaelewa kama anavyoelewa mabadilishano yote ya maisha yake. Nyumba moja imetoa, nyumba mbili zimetoa, basi hizo nyumba tatu sasa ni watu wa karibu, wanapaswa kuonana uso kwa uso, kupeana mnyama na kujua kila mmoja anaishi wapi. Yule kondoo alikuwa ameletwa kwa ajili yao. Na alikuwa anaona aibu, alisema Lemayian, kwamba wao ni nyumba mbili na yeye kaja na kondoo mmoja.

Nilicheka. Najuta kucheka, lakini nilicheka. Kisha nikakaa sawa, nikamweleza kikatibu. Nikamwambia hizi ni timu, baba, kuna barua, kuna fomu, viongozi wa huku wanatia saini na viongozi wa kule wanatia saini, wazazi hawaitwi. Lemayian akatafsiri. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Anauliza, kwa hiyo mama zao huwajui?"

Nikasema siwajui. Kipa anaitwa Emanueli, nafikiri ni wa Singida. Beki jina lake limo kwenye daftari.

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema tena taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri, na Lemayian akalileta kwangu kwa sauti ya chini. "Anasema, mmebadilishana watoto, na mama zao hamwajui."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Halafu akainuka, akaenda kumfungua yule kondoo, akamvuta mpaka mbele ya kiti changu. Nikajua kinachokuja. Wateja wangu wamenieleza mara nyingi. Kwao mtu akikupa kondoo, wewe na yeye mnaacha majina yenu. Yeye anakuita Pakerr na wewe unamwita Pakerr, mpaka mmoja wenu azikwe. Akikupa ng'ombe lipo jina jingine, mbuzi lipo lake. Si zawadi ya kusema asante ukaiweka pembeni. Ni undugu.

"Anasema hao wengine hawapo," Lemayian alitafsiri, na sasa sauti yake haikuwa imara. "Lakini wewe upo. Wewe ndiye uliyenishika, hukutaka kuniachia. Anataka uchukue kondoo."

Hukutaka kuniachia. Ndivyo alivyokuwa amemwambia baba yake.

Shajara, ningeweza kuchukua ile kamba. Hakuna ambaye angejua. Wajumbe wenzangu wangekufa na siri ya kikao, na huyu mzee angerudi Malambo na jina langu jipya mdomoni, na kila akipiga simu angeniita Pakerr nami ningeitika. Niliwaza hivyo kwa urefu wa pumzi moja. Kisha nikawaza kuitika kila siku jina lililopatikana kwa uongo. Nikaweka mikono magotini.

"Lemayian," nikasema, "mwambie baba yako siwezi kumpokea huyu kondoo kabla hajajua kitu. Mwambie kwenye kikao watu watatu walinyoosha mkono uondoke. Mwambie mmoja wao ni mimi."

Hakutafsiri. Alinitazama tu. Nilidhani nitakufa pale pale kwenye kiti cha plastiki.

"Mwambie," nikasema.

Akageuka, akamwambia. Na hakupunguza kitu. Najua kwa sababu nilisikia enkaina, mkono, na nilimwona akinyoosha wake juu kuonyesha. Kumfanya mtu asimulie kwa mdomo wake jinsi ulivyomtoa! Sijawahi kumfanyia mtu ukatili kama ule, na sikuona njia nyingine.

Mzee akauliza. Lemayian akaleta swali huku anatazama kondoo, hanitazami mimi. "Anauliza, ulikuwa unataka niondoke?"

"Hapana."

"Anauliza, sasa kwa nini?"

Lile jibu langu la kwenye kioo lilikuwepo, limeoga, limevaa. Arusha, nyasi, goti. Ningelitoa, wote wawili wangelipokea.

"Kwa sababu tulikuwa tunafungwa," nikasema. "Nilitaka kipa. Sikuwaza juu yako, mwanangu. Niliwaza timu. Nisamehe."

Hapo nililia. Si kilio cha kufuta kwa ncha ya mtandio, kilio chenyewe, na kamasi. Lemayian alimtafsiria baba yake maneno mawili matatu, mengine nadhani mzee aliyaona mwenyewe.

Nilidhani atamvuta kondoo wake aondoke. Badala yake akakaa. Akazungumza kwa muda mrefu, fimbo iko magotini, anaitazama fimbo. Lemayian akawa anatafsiri sambamba naye.

"Anasema, na yeye ana lake. Anasema nilipoletwa shule, alimwambia mama yangu mzazi kwamba ni kwa sababu nina akili kuliko ndugu zangu." Akacheka kidogo, maana hilo alikuwa analijua na analipenda. "Anasema mwaka ule ulikuwa wa ukame. Ng'ombe walikuwa wachache. Mimi nilikuwa nachunga ndama, nikawaacha nikaenda kucheza mpira wa matambara, fisi wakala ndama wawili. Anasema..."

Akakwama.

Baba yake akamgusa goti, akalirudia taratibu.

"Anasema hakunileta shule kwa sababu ya akili. Alinileta kwa sababu ng'ombe waliobaki walihitaji mchungaji, na mimi sikuwa mchungaji. Anasema alinitoa mimi ili ng'ombe wapone." Kisha akanigeukia mimi, si kama mtafsiri tena. "Mama, hili sijawahi kuambiwa."

Kondoo aliendelea kutafuna.

Nilimwona akitazama mikono yake, akimtazama baba yake, akinitazama mimi. Watu wawili wazima wamekaa mbele yake, mmoja kamtoa kwa ajili ya ng'ombe, mwingine kamtoa kwa ajili ya kipa, na wote wawili wamepitishia habari hiyo kinywani mwake. Akajaribu kufanya utani. Ndivyo alivyo, akiumia anatania. Akasema kwa Kiswahili, kisha akasema kwa Kimaa, ili kila mmoja apate lake:

"Sasa mimi mwenyewe ananitaka nani?"

Utani ukamkatikia njiani. Mdomo ulikuwa unacheka na macho yamejaa.

"Mimi," nikasema. Sikusubiri hata amalize.

Na baba yake, wakati huo huo, "Nanu."

Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Ni mimi, kwa Kimaa.

Lemayian aliinuka akaenda bombani akanawa uso muda mrefu sana kwa baridi ile. Sisi wawili tukabaki tunatazamana, hatuna mtafsiri, na kusema kweli hatukumhitaji. Aliporudi akasimama mbele yangu maji yanamtiririka kidevuni.

"Mama, mkono ulinyoosha wa kwanza au wa mwisho?"

"Wa mwisho."

"Angalau," akasema. Kisha akainamisha kichwa, kama vijana wao wanavyofanya kwa mkubwa, nikaweka kiganja changu juu yake. Nywele zilikuwa za baridi, zimelowa.

Nikachukua kamba. "Asante, Pakerr," nikamwambia mzee. Akanijibu vivyo hivyo, akacheka, maana nadhani nililitamka vibaya. Kisha akanionya kupitia kwa mwanawe kwamba huyu kondoo si wa supu, ni wa kufugwa, atazaa. Mimi! Kufuga kondoo katikati ya mji wa Karatu, na mchicha wangu wote. Haya.

Leo asubuhi nilijua atapanda basi. Kumbe Gwandu alikuwa amejipanga kivyake. Saa moja kamili gari la utalii likasimama mlangoni, limeoshwa linang'aa, akashuka amevaa koti la kazi kama anapokea wageni wa kulala hoteli ya pembeni ya kreta. Hana wageni mpaka Jumanne, akasema, na hawezi kuruhusu mtu aliyewafungia mabao abanwe kwenye basi na magunia ya vitunguu. Akaufungua mlango kwa heshima zote, akamwonyesha baba mtu kiti cha mbele, maana mzee alisema anataka kwenda kuona mahali mwanawe atakapolala kabla ya kurudi kwake.

Mwishoni Gwandu alinivuta pembeni. Akatoa glavu zake kwenye begi, zile za njano alizozivaa misimu mitatu. Akaniambia nimpe huyo kipa mpya akifika, nimwambie vidoleni zinabana kidogo lakini zikilowa zinakaa. Sauti ilikuwa ya mtu anayetoa maelekezo ya barabara. Nikazipokea. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, kikakosekana, nikamshika mkono tu.

Walipopita mbele ya soko paa la gari lilikuwa limeinuliwa, na Lemayian amesimama ndani, kichwa na mabega nje, kama Mzungu anayetafuta simba. Watu wa sokoni walimpigia makofi. Mimi nilirudi ndani nikatandua kitanda chake haraka haraka kabla sijakaa juu yake.

Emanueli, kipa, amefika saa tisa. Beki amefikia kwa mwalimu. Emanueli ana miaka kumi na tisa, mikono mikubwa, sauti ndogo. Alikaa ukingoni mwa kiti na begi mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikampa wali na maharage, akala nusu. Nikampa glavu, akazishika akaziangalia ndani na nje, akauliza mwenyewe yuko wapi ili amshukuru. Nikasema utamwona, huwezi kumkosa, ni mkubwa kama mlango.

Nikamwomba namba ya mama yake. Akashtuka. "Nimekosa nini, mama?"

Hujakosa kitu, mwanangu. Sisi ndio tuliokosa.

Nilipiga nikiwa nje, karibu na kondoo, kwa sababu mtandao uko pale. Akapokea mwanamke, kuku wanalia nyuma yake. Nikajitambulisha. Nikamwambia mimi ni Zaituni, niko Karatu, mwanao amefika salama na yuko kwangu.

"Hakuna aliyenipigia," akasema. "Niliambiwa tu amehamishwa. Nimekaa siku tatu najiuliza analala wapi."

Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Ana kifua, baridi haimfai. Hali maharage, atakula kwa adabu lakini hayapendi. Akifungwa bao haongei mpaka kesho yake, nisimlazimishe. Nikasema ndiyo, ndiyo, nimesikia. Nikasema nitampa blanketi la pili, na maharage sitampa tena. Alicheka, akanishukuru, nikafikiri tumemaliza.

"Na wa kwako?" akauliza. "Huko Arusha amepokelewa na nani?"

Najua jina la timu. Najua jina la uwanja. Nilikuwa nimemfungia ugali wa safari na kumpigia pasi jezi zake zote, na sikujua nani amemfungulia mlango huko.

"Sijui," nikasema.

Hakunisema. Akauliza jina la mtoto. Nikamwambia, akanitaka nirudie, nikarudia silabi kwa silabi mpaka akalishika. Akasema ana mdogo wake wa kike anauza ndizi Arusha, anakaa mjini kabisa. Akaomba namba ya Lemayian. Nikampa.

Hiyo ilikuwa saa kumi. Nikafunga duka, nikaja kukaa hapa. Sasa ni magharibi, nimekatiza kuandika nikaswali, nimerudi. Emanueli amelala na blanketi mbili, namsikia anakohoa kidogo. Na simu imelia sasa hivi. Ni ujumbe wa Lemayian.

"Mama, tulifika mchana, samahani nimechelewa kukuambia. Baba amekagua kitanda amekikubali. Kuna mama mmoja amekuja hapa na ndizi nyama kwenye hotipoti, anasema ametumwa na mama yake kipa. Baba anamwuliza anaishi wapi, anataka kujua njia. Nimtafsirie?"

Nimemjibu: tafsiri yote, usiache neno.

Asubuhi, kabla sijafungua duka, naenda kwa mwalimu na daftari langu. Kuna beki pale nyumbani kwake, na mama yake sijamjua.